Shikamoo, Mfumo

Ofisi ya Uratibu wa Usahihi, Sumbawanga, ina furaha kuutaarifu umma kwamba kuanzia msimu huu hakuna mkulima atakayepata mbolea kwa kutumia barua pepe isiyo na adabu.

Mimi ni katibu wa kamati iliyofanikisha jambo hili. Kazi haikuwa ndogo. Polikarp, mtaalamu wetu wa kompyuta, alituletea kanuni ya kuhakiki anwani za barua pepe kwenye mfumo wa kuombea mbolea, imejaa alama kama nyayo za kuku. Alama ya kujumlisha, alisema, inataka herufi moja au zaidi. Kinyota kinaridhika hata pasipokuwa na herufi. Hicho tulikielewa mara moja, maana ndivyo tunavyohudhuria vikao. Nukta isiyotanguliwa na mkwaju wa nyuma, yaani kile kistari kilicholalia kinyume, inakaimu herufi yoyote. Mjumbe mmoja akauliza kama inalipwa posho ya kukaimu. Suala hilo limeundiwa kamati ndogo.

"Na hiki kialama kama kijipaa cha nyumba?" akauliza Mkurugenzi Gaudensi.

"Kinaonyesha mwanzo, bosi. Kinachofuata hapo, anwani lazima ianze nacho."

Mkurugenzi akavua miwani. "Ufipa hii, mtu mstaarabu anaanza na nini?"

Tukajibu kwa pamoja: shikamoo. Ikaandikwa hivyo, tukanywa chai.

Mlalamikaji wa kwanza alikuwa Mama Leonia, mkulima wa Matai. Mahindi yalishaota, mvua zinanyesha, na mfumo ulikuwa umeikataa anwani yake, leonia.matai, kila alipojaribu. Akaja mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, mahindi yanageuka njano. Nipeni mbolea."

"Anwani yako ianze na shikamoo, mama."

"Nimwamkie nani? Hiyo mashine imenizaa?"

Nilimweleza kwa upole kwamba utaratibu hauna umri. Akaondoka akisonya. Kusema kweli nilimwonea huruma, ila baada ya saa za kazi.

Na kwa kuwa utaratibu hauna umri, Mkurugenzi naye akabadilishiwa anwani: shikamoo.gaudensi. Kwa anwani hiyo akawaandikia wakulima wote waliokataliwa, nakala kwa wakubwa mkoani. Barua ilikuwa kali: asiye na salamu hana mbolea.

Majibu yalimiminika kabla chai haijapoa.

"Marahaba."

"Marahaba baba, hujambo?"

Kijana mmoja wa mjini, anayelima kwa simu, aliandika: "Marahaba dogo. Poa."

Mkurugenzi alipandwa na mori, akaamuru majibu yote yafutwe. Polikarp alikuwa bado anatafuta pa kuanzia lilipoingia la Mama Leonia, nalo likiwa na nakala kwa wakubwa wote:

"Marahaba, mwanangu. Mtoto akishaamkia hutumwa. Niletee mbolea mifuko miwili, na usicheze njiani."

Simu ya mkoani ikalia. Tulimsikia mkubwa akicheka hadi akakohoa. Halafu akaacha kucheka.

"Gaudensi, bado hujaondoka?"

Mkurugenzi akasimama wima, mkono mmoja ukipapasa funguo za gari.

"Ndiyo naondoka, mkuu," akasema. "Shikamoo."