Malalamiko Dhidi ya Darubini ya Miguu Mitatu

Kwako Mwenyekiti wa Chama cha Wawindaji, ambaye papo hapo ni shemeji yangu,

Natumaini karatasi hizi zitakukuta mzima, wewe na dada yangu uliyemuoa na wapwa zangu wote. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechafuka, na walioichafua ni Kamati yako ya Vifaa.

Nimeandika badala ya kuja kwako kwa sababu kwako mtu akianza kusema jambo la maana, unakumbuka ghafla kwamba kuna bomba linavuja. Jambo lenyewe unalijua. Kwa miaka ishirini na miwili mimi ndiye Mtazamaji wa chama hiki. Napanda mlimani kabla ya wote, nalitazama bonde kwa darubini yangu ya mkononi, na mpigaji analala kando yangu na bunduki yake. Kanuni yetu, tuliyoitunga wenyewe na kuipigia makofi, inasema mpigaji hafyatui mpaka Mtazamaji amguse bega. Hahoji, habishi. Akiguswa, anapiga. Sasa nasikia mkutano wa mwisho wa mwezi utapiga kura ili nafasi yangu apewe mfamasia, kwa sifa moja tu: anajua kukunjua miguu ya stendi ya darubini mpya mliyoinunua. Naomba basi malalamiko haya yasomwe mbele ya wanachama wote, na yasomwe na mtu mwenye sauti, siyo katibu.

1. Darubini ilichaguliwa mlangoni mwa duka. Kamati haikupanda hata kichuguu. Wajumbe watatu, yaani mfamasia, fundi cherehani na yule muuza vioo vya madirisha, walisimama kizingitini wakapokezana kusoma bango la kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Iliyowaonyesha mitindo ya nywele vizuri zaidi ndiyo wakaibeba. Mwenyekiti, sijawahi kukutana na tandala mwenye maandishi. Mnyama husimama kivulini, jua halijatoka, nusu yake iko nyuma ya mti na nusu nyingine ina rangi ya mti huohuo. Darubini ya mwindaji hupimwa gizagiza la alfajiri, siyo saa sita mchana mbele ya bango. Kama shabaha ya chama sasa ni kumwinda kinyozi, hapo naunga mkono hoja.

2. Inakuza mno. Yangu inakuza mara nane, na imetulisha nyama miaka yote hiyo. Hii yenu inakuza mara kumi na tano, eti kwa sababu muuza vioo alisema kikubwa ndicho kizuri. Mtu huyo anauza madirisha! Siku ya kwanza nililetewa niijaribu, nikatazama sikio la swala kwa nusu saa nzima. Lilikuwa sikio safi, lina nywele, na lina kupe mmoja. Mwenye sikio alikuwa amesimama wapi, na wenzake walikuwa wangapi, mpaka leo sijui.

3. Darubini ya kuwekwa kwenye stendi huwa na tundu la skrubu kwa mbele, pale katikati ya mirija yake miwili. Hii haina. Watu wazima watatu, mmoja wao riziki yake ni kutafuta tundu la sindano kutwa, wamenunua darubini ya stendi wasiulize kama itakaa kwenye stendi. Sasa imefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Nao urefu wa stendi wameupima kwa mfamasia, ambaye hubadilisha balbu bila kupanda kiti, kisha wakaikaza isishuke tena. Mimi ili nitazame lazima nipande jiwe na kuinua kidevu kama kuku anayekunywa maji. Miaka ishirini na miwili ya utumishi, halafu kuku.

4. Hebu tufuate mantiki yenu mpaka mwisho. Leo macho yanahitaji miguu mitatu. Kesho bunduki nayo itahitaji yake, na keshokutwa mpigaji. Tutafika mahali Jumamosi tunazisimika stendi zetu mlimani, sisi wenyewe tunarudi kulala, na jioni tunakaa mlangoni tukisubiri zilete nyama. Kwa hiyo napendekeza stendi iandikishwe uanachama kamili. Ihudhurie vikao, ionywe ikichelewa, na ikifiwa tuchange rambirambi. Igombee hata uenyekiti, maana haisemi ovyo, haipendelei ndugu, na ina mguu mmoja zaidi yako.

5. Hili ndilo lililoniuma. Katika kikao kilichopita mfamasia alisimama, akanitazama, akasema: "Mzee, mikono yako inatetemeka. Unayoyaona huko bondeni, nusu yake ni mikono yako." Watu wakainamisha vichwa. Na wewe ukainamisha chako, shemeji. Nimekuwa fundi saa miaka thelathini. Mikono hii imeweka springi nyembamba kuliko unywele ndani ya saa za akina mama, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Ikitikisika kidogo siku hizi ni upepo wa mlimani, ambao kamati haiwezi kuujua kwa kuwa haijafika huko. Lakini neno lile limenikosesha raha, nakiri. Mkininyang'anya mlima mtaniachia nini? Redio na kiti cha plastiki barazani, niwe nahesabu wapita njia.

6. Kuhusu ng'ombe wa muuguzi: lilikuwa kosa moja tu, na ng'ombe mwenyewe ana rangi isiyoeleweka. Tena hakufa.

Kutokana na hayo, naomba kamati ivunjwe, darubini irudishwe dukani pamoja na mpira wake, mfamasia arudi kuhesabu vidonge, na kura ya mwisho wa mwezi ifutwe. Nisiposikilizwa nitajiuzulu, na mtabaki mnaelekezwa na stendi.

Nisalimie wanachama wote, pamoja na wajumbe wa kamati ingawa hawastahili. Wasalimie wapwa zangu, mkubwa mwambie aache kukaa na simu mezani. Dada yangu msalimie kwa namna ya pekee. Katika nyumba hiyo ndiye mwenye akili.

Ni mimi mwenye macho yake,
Mtazamaji wa Chama

N.B. Hayo ya juu niliyaandika Ijumaa. Leo ni Jumapili, naongeza haya.

Jana alfajiri tulipanda mlimani mimi na mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye aliyekuwa mpigaji wa zamu. Kwa darubini yangu nikaona tandala dume ng'ambo ya bonde, ameinamisha kichwa, pembe mbili zimechomoza juu ya kichaka. Ningekula yamini. Mwalimu alikuwa ameshalenga. Nikanyoosha mkono nimguse, kisha nikajisemea, ngoja kwanza nichungulie kwa hilo dubwana lao lililosimikwa kando yetu, ili mkutanoni niwaambie halikuona kitu. Nikapanda jiwe. Stendi haikutikisika hata kidogo, na upepo ulikuwepo.

Alikuwa dada yangu. Amejifunika shuka la kahawia, anakata miti ya kusimikia maharage, na miwili alikuwa ameshaifunga mgongoni, ncha zimechomoza juu ya kichwa.

Nilimwambia mwalimu atoe risasi tushuke. Sijamweleza sababu. Hoja ya kwanza naisimamia, kwa kuwa kamati kweli haikupanda hata kichuguu, lakini hizo nyingine zifute zote. Nafasi mpe mfamasia, na asisubiri kura.

Mchana nilipita kwako, hukuwepo. Dada alinifungulia mlango, nikampa mkono, akaniuliza mbona simwachii. Mwambie wewe.