Ombi la Ema Kuhesabiwa Mgeni Nyumbani Kwetu

Karibu na Makambako,
Juni 1953

Kwa Bwana Afya,
Njombe.

Bwana mheshimiwa,

Pokea salamu zangu, na naomba Mungu baridi ya Njombe isikuzuie kufanya kazi. Mimi ni Fidelia, binti wa Linus, wa darasa la sita katika shule ya wasichana ya misheni. Huwezi kunikumbuka. Siku uliyokuja kutufundisha habari za chakula bora nilikaa nyuma, na ulipouliza kama kuna mwenye swali nilikuwa nalo, lakini nilitazama chini. Tangu siku ile swali limezidi kurefuka, ndiyo maana naliandika.

Swali langu ni juu ya mdogo wangu Ema, mwenye miaka mitatu. Katika picha zako alikuwamo mtoto mwenye nywele nyekundu kama ndevu za mahindi, na miguu ambayo ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Niliporudi nyumbani likizo nilimkuta mtoto yule jikoni kwetu. Ulisema dawa yake ni kula: yai, maziwa, maharage, nyama kidogo. Maharage yetu mwaka huu yameunguzwa na baridi. Ng'ombe hatuna. Kuku tunao. Ningeweza kusema jambo limekwisha, ila kuna malalamiko, nami nimeyapanga kwa namba kama tulivyofundishwa.

1. Nalalamika kwamba somo lako limeeleweka kupita kiasi. Nilichora upya picha yako ya makundi matatu ya vyakula, nikaibandika kwa uji kwenye ukuta wa jikoni, nikaisoma mbele ya watu wote wa nyumbani. Baba alisikiliza vizuri kuliko nilivyokusikiliza mimi. Nilipomaliza akasema, "Kumbe hata Serikali inajua kwamba yai ni kitu kikubwa! Mama Fidelia, umesikia? Kuanzia leo mayai yasichezewe." Zamani yai likipasuka alipewa mtoto. Siku hizi yai lililopasuka hulila Baba mwenyewe, kwa heshima ya Serikali.

2. Bibi, mama yake Baba, naye ana somo lake, na alianza kufundisha kabla yako. Anasema mtoto akila mayai atakuwa mwizi, na mwanamke akila mayai atazaa watoto wenye vipara. Sipendi kumbishia Bibi, kwa hiyo nimechunguza tu. Katekista Kornelio amekula mayai hapa kwetu kuliko kicheche yeyote, na hajaiba kitu. Kuhusu vipara, mla mayai mkubwa wa nyumba hii ni Baba, na mwenye kipara ni Baba, kwa hiyo hapo Bibi ana hoja na nimeiacha. Ugonjwa wa Ema, Bibi anasema amebemendwa. Niliuliza maana yake, Mama akaondoka kwenda kuchota maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

3. Mayai na kuku kwetu ni vya wageni. Mgeni akisha kula huacha kidogo sahanini, na watoto waliosimama mlangoni humalizia. Ni desturi nzuri na wote tumekulia humo, lakini maana yake ni kwamba afya ya watoto wa nyumba hii inategemea njaa ya watu wengine. Baba mdogo Romanus alipotoka Mlangali kuja kutusalimu alifika amekonda, akaondoka na mashavu. Alituachia shingo. Katekista Kornelio huomba kwa muda mrefu kabla ya kula, na sisi kule mlangoni huitikia Amina kwa moyo wote, halafu huacha mfupa ambao hata mbwa huutazama kwanza kabla ya kuupokea. Mara ya mwisho Ema alipata sahani tupu. Aliilamba, akairudisha jikoni, akakaa. Hakulia. Ulituambia kwamba mtoto wa namna hii asipolia ndipo mtu aogope. Mimi naogopa.

4. Kitabu chetu cha maarifa kinasema mtu achunguze kwanza, ahukumu baadaye. Nimewachunguza watu wenye afya ninaowafahamu. Ni Katekista Kornelio, Baba mdogo Romanus, na mzee Tarsis jirani yetu, ambaye hunusa moshi wa jiko letu na kukumbuka kwamba ana habari za kumpa Baba. Nyumbani kwao wote hawa hula ugali na mboga za maboga, kwa sababu huko nako mayai ni ya wageni. Kwa hiyo kinachomletea mtu afya si chakula, ni ugeni. Nashauri kwa heshima kwamba picha yako irekebishwe. Badala ya makundi matatu ya vyakula, iwe na makundi mawili ya watu.

5. Ili nisiseme bila ushahidi, nilifanya jaribio. Jumapili baada ya sala nilimfunga Ema kanga ya Mama, nikampitisha nyuma ya nyumba, tukasimama mlango wa mbele nikapiga hodi. Bibi akaitikia kutoka ndani, "Karibuni! Karibuni, wageni wetu!" na nikamsikia akimwambia Mama akamate kuku. Nilifurahi mno. Lakini Ema aliposikia sauti ya Bibi aliuachia mkono wangu, akaingia, akaenda kukaa kwenye kigoda chake cha siku zote, akasema, "Bibi, mimi mgeni."

Baba alicheka hadi akakohoa. "Na mgeni huyu katoka wapi?"

Nilijibu kwa sauti ndogo kwamba ametoka Kitulo.

Bibi hakucheka. Alimtazama Ema kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu yupo hapa mwaka wa tatu." Kuku akaachiliwa.

Kwa sababu hizo naomba upige muhuri karatasi inayosema kwamba Ema binti Linus ni mgeni wa Serikali nyumbani kwa baba yake. Kwa ajili ya methali ya Bibi, karatasi hiyo iandikwe upya kila baada ya siku mbili. Kama kazi hiyo ni kubwa, basi itolewe amri kwamba kila jioni watoto wa nyumba hii waende kula nyumba ile, na wa ile waje hapa, ili nchi nzima iwe na watoto wageni. Na mtoto anayezaliwa apelekwe kwa jirani mapema, kabla hajazoeleka.

Kama hata hilo haliwezekani, tafadhali uje mwenyewe utuone. Neno langu nyumbani ni neno la mtoto. Neno lako lina kofia na baisikeli.

Wasalimie wote wa ofisini, na mama wa nyumbani kwako, na watoto. Kama wao hula mayai, wasiache kwa sababu yangu.

Mimi mtoto wako mtiifu,
Fidelia Linus

Nyongeza: Kwetu barua haitoki nyumbani kabla Baba hajasomewa. Nimemsomea leo. Nilikuwa tayari kwa fimbo, lakini katika barua yote alisikia jambo moja tu, kwamba nimekukaribisha. Amefurahi kuliko siku ya ubatizo wangu, kwa maana hajapata kumpokea mgeni wa Serikali. Yai ambalo Mama alikuwa amekubali kumchemshia Ema kwa siri limerudishwa kapuni likusubiri wewe. Kuku wetu mmoja anayetaga wakati huu wa baridi amefungwa mguu. Baba mdogo Romanus amekwisha fika kusaidia kukupokea, na Katekista Kornelio atabariki chakula. Kwa hiyo nafuta maombi yangu yote, la kwanza hadi la mwisho. Nakusihi usije.

Lakini mzee Tarsis ametangulia kwa baisikeli kukualika kwa mdomo, na huenda barua hii ikachelewa. Ikiwa huna budi kuja, basi, Bwana, usishibe. Sisi tutakuwa tumesimama mlangoni. Ema ni yule mwenye nywele nyekundu.