Ombi la Kurudishiwa Mama kwa Ukubwa Wake wa Zamani

Ramlo Abdille,
Kidato cha Pili,
Garissa.
11 Agosti 1996

Kwa Abti Guled,
Uswidi.

Abti mheshimiwa, ndugu wa pekee wa mama yangu, na mtu ambaye hadi mwaka jana sikuwa na neno naye,

YAH: HOOYO

Nakusalimu kwa heshima zote nilizofundishwa na chache nilizojiongezea. Sisi hatujambo, isipokuwa kwa jambo hili ninaloliandikia, ambalo limetufanya tuwe na jambo kubwa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Eedo Osob, shangazi yetu, husoma kila karatasi ya Kisomali inayopita humu ndani, hata ile iliyofungia sukari. Na mwalimu wetu alisema Kiingereza ni cha kuombea kazi, Kiswahili ni cha kulalamikia. Lugha zote mbili nimefundishwa, lakini kazi sitaki kwa sasa.

Mwaka jana ulimchukua Hooyo, mama yetu na dada yako Weris, ukampeleka kwa daktari wako akamfunga tumbo. Ulitueleza kwa simu, sisi tukiwa tumesongamana kwenye kibanda cha posta: pete laini imezungushwa sehemu ya juu ya tumbo, ndani kabisa, nayo ina maji. Chini ya ngozi kuna kijimlango ambapo daktari huingiza sindano, akiongeza maji pete inakaza, akipunguza inalegea. Tulikubali kwa sababu ya magoti yake na sukari yake, na kwa kuwa daktari wa hapa alikuwa amesema moyo wake unafanya kazi ya watu wawili. Hakuna aliyetuuliza kama tulitaka abaki mmoja.

Malalamiko yangu ni haya.

1. La kwanza ni langu binafsi, na ninalitaja mapema nisije nikaona haya nikifika mwisho. Unajua mimi ni mtu wa namna gani. Watu watatu wakiwa pamoja siwezi kuwasalimia, hungoja mmoja aondoke. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa na mahali pangu, na mahali penyewe palikuwa nyuma ya Hooyo. Harusini, matangani, sokoni, nilisimama nyuma yake kama mwanambuzi kwenye kivuli cha ngamia, na hakuna aliyejua kama nimekuja. Sasa nikisimama hapo naonekana pande zote mbili. Mkono wangu mmoja uko huku, mwingine kule, na kichwa kiko juu. Wanawake wananiita, "Naa Ramlo, njoo tukuone, kumbe umekuwa mkubwa hivi." Juzi mmoja alifungua mdomo tu nami nikamjibu "Alhamdulillahi" kabla hajaniuliza chochote. Alikuwa anapiga mwayo.

2. Sinia. Huko Uswidi nasikia kila mtu ana sahani yake, kama wagonjwa wa wodini, kwa hiyo daktari wako hawezi kulaumiwa kwa kutojua. Lakini wewe ulilelewa hapa. Unajua kwamba tunakula sinia moja, na mkubwa akitoa mkono wake, mtoto mwenye adabu naye anautoa. Hooyo anakula matonge machache madogo, kila moja analitafuna mpaka liwe uji, kisha anatoa mkono na kumshukuru Mungu. Na sisi tunatoa mikono na kumshukuru Mungu, huku nyama inatutazama. Tangu arudi, nyumba nzima imefungwa tumbo bila kupasuliwa. Dera ya harusi ya Sahara, dada yangu, imepunguzwa kiunoni mara mbili. Aliyesalimika ni Eedo Osob peke yake, ambaye alikuja kukaa nasi kwa muda mimi nikiwa darasa la tatu. Yeye huingia jikoni mapema kuonja chumvi, na chumvi hiyo huionja kuanzia kwenye paja la mbuzi.

3. Ndimi za watu. Hapa Garissa mtu akipungua kuna ugonjwa mmoja tu, na hautajwi jina. Wanasema "ule wa siku hizi" na kushusha sauti, halafu wanatazama mikono yako kama umegusa kikombe chao. Wengi wamekufa katika mji huu na nyumba zao zikatembelewa, lakini Hooyo ni wa kwanza kupelekewa rambirambi na akazipokea mwenyewe. Wanakuja na sukari na majani ya chai. Mmoja alimwombea makosa yake yasamehewe, na Hooyo alikuwa wakati huo huo akimmiminia chai. Wanawake hawa hawa, Abti, ndio waliokuwa wakimshika mkono na kumwambia, "Weris, mwili huu ni neema, hata kiangazi hakikuoni." Na walipogeuka mgongo walisema hawezi kuingia chooni bila kwenda kinyumenyume. Walimcheka akiwa mnene, sasa wanamlilia akiwa mwembamba, na siku zote mbili walikula kwake. Ningewaambia, kama ningekuwa mtu wa kusema. Hooyo mwenyewe ametukataza kueleza habari ya pete. Anasema wakijua watamwita mwanamke aliyelipia kukataa riziki ya Mungu, na hilo ni baya kuliko kuitwa mgonjwa. Aabo, baba yetu, ambaye yuko Tarbaj na ngamia wake, ameleta salamu kwamba jambo la wanawake liamuliwe na wanawake. Ni salamu yake ya kila mwaka.

4. Mwendo wake. Zamani nikifanya kosa chumbani, nilimsikia Hooyo akianza kuinuka, na hapo nilikuwa na muda wa kutubu, kufagia, na kuchukua Msahafu. Sasa sauti na mtu vinafika pamoja. Mwezi uliopita alikuja shuleni kwa miguu, tena jua la saa saba, kumuuliza mwalimu kwa nini siinui mkono darasani. Alikuja mpaka dirishani. Wenzangu waliniuliza kama yule ni dada yangu. Sikujua nimjibu nani kwanza, hivyo nikainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

5. Hili nililiandika nikalifuta, kisha nimeona heri liwepo. Siku nyingine tonge linakwama. Hooyo anainuka taratibu, anaenda nyuma ya tangi la maji, anainama pale mate yakimjaa mdomoni, na anangoja lishuke au lirudi. Nikimfuata ananipungia mkono niende zangu. Pete ingekuwa imelegezwa kidogo pengine isingekuwa hivyo, lakini sindano yenu iko Uswidi na tangi liko Garissa. Mlimpa dada yako tumbo ambalo fundi wake anakaa ng'ambo ya bahari. Hata baiskeli hatununui hivyo.

6. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, ambalo ni ndoa ya Sahara.

Amechumbiwa na Noordin, mwalimu wa Ijara, kijana mtulivu ambaye hata mimi niliwahi kumsalimia. Kila kitu kilikuwa kimekubaliwa. Kisha mama yake Noordin, Saynab, akasikia huko huko Ijara kwamba mama wa bibi arusi anaisha. Akaleta ujumbe kwamba hatachukua binti katika nyumba ambayo haijulikani inaumwa nini, na kwamba anakuja na dada zake wawili kutusalimia. Eedo Osob alitufafanulia kwa raha zote: "Hawaji kuwasalimia nyinyi. Wanakuja kumwona akila."

Fikiria hapo, Abti. Asipokula, ni mgonjwa. Akila kama watu, linakwama, naye atatapika mbele ya wakwe, na hapo ni mgonjwa mara mbili. Sahara alilia, akasema ndoa basi. Hooyo alikuwa anachagua mchele. Alisema tu, "Wewe pika, tena pika mwingi. Mimi nitakula kwa mkono."

Hatukumwelewa mpaka sinia ilipotua. Saynab ni mwanamke mkubwa, hasa kama alivyokuwa Hooyo, na anahema akikaa. Alijiweka mbele ya Hooyo uso kwa uso. Hooyo akasema bismillahi na akaingiza mkono katika wali, na mkono huo haukutoka tena. Uliviringa matonge. Ulichambua nyama kwenye mfupa. Kila kipande kizuri ulikisukumia upande wa Saynab, kama mwenyeji anavyotakiwa kumheshimu mgeni, na mara moja moja ulipanda mdomoni na punje kadhaa, ambazo Hooyo alizitafuna kwa utulivu wa mtu aliye katikati ya karamu.

Unajua adabu zetu. Mwenyeji hawezi kutoa mkono kabla ya mgeni, maana atakuwa amemwambia inatosha. Mgeni naye hawezi kutoa mkono ilhali mwenyeji bado anakula, na upande wake umejaa nyama nono, maana atakuwa amesema chakula ni kibaya. Basi wakakaa hivyo kama watu wawili waliokutana mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia. "Kula, dada yangu, umetoka mbali." "Nakula, Weris, na wewe kula." "Mimi ninakula, huoni?" Saynab akala. Akafungua kishikizo cha shingoni akala. Dada zake walikwisha kujisogeza ukutani. Eedo Osob, kwa wema au kwa ubaya wake, akaongeza wali juu.

Mwishowe Saynab alisema anataka upepo. Dada zake walimshika huku na huku wakamtoa uani, na nyuma ya zizi la mbuzi akarudisha chakula chote cha Hooyo, mmoja wao akimshikia shashi yake ya kichwani isichafuke.

Kwa siku nzima tuliona tumeshinda. Kesho yake mji mzima ulikuwa ukisema kwamba Saynab wa Ijara anatapika, maskini, bila shaka ni ule wa siku hizi. Waliyasema hayo wale wale, kwa sauti ile ile ya chini. Yeye mwenyewe aliondoka bila kutaja tarehe ya nikaha, na Noordin ameleta habari kwamba mama yake amelala na hataki kusikia neno wali. Tangu hapo kimya. Sahara hatoki chumbani. Hooyo anasema Mungu yupo, lakini nimemwona akiutazama ule mkono wake.

Kwa hiyo, Abti, baada ya kufikiri kwa makini, naleta maombi yafuatayo. Daktari wako afunge safari na sindano yake, atoe maji yote, na Hooyo arudi alivyokuwa kabla Saynab hajapata nguvu za kusimama. Atakapomwona mnene tena ataamini. Ikiwa hilo haliwezekani, basi aje na pete za kutosha mji mzima, kuanzia mtoni hadi uwanja wa ndege, awafunge wote, ili pasiwe na mwembamba wa kusemwa. Aanze na Eedo Osob, na pete yake aikaze mpaka maji yaishe. Pete zikipungua, awafunge wale tu wanaotembelea watu, na badala ya tumbo afunge mdomo, ambao nadhani hauhitaji mtu kusomea sana. Na kama hata hilo ni gumu kwa nchi yenye maendeleo kama hiyo yenu, basi tuletewe ile nyama mliyoitoa kwa Hooyo. Tutaiweka kwenye kiti harusini, ivishwe dera yake ya zamani, na wageni waisalimie hiyo. Ndiyo waliyokuwa wakiiheshimu.

Nisamehe kama nimevuka mpaka. Ana kwa ana nisingeweza, ungeniona nimetazama zulia.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, na watoto ambao nasikia hawajui kula kwa mkono. Sahara anakusalimu kupitia mlango uliofungwa. Eedo Osob anakusalimu bila kujua. Hooyo anakusalimu sana, na anauliza kama unavaa soksi.

Mimi mpwa wako mtiifu, mwenye kinyongo,
Ramlo.

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kuilamba bahasha, nimeichana tena. Leo alasiri Saynab amerudi, bila dada zake. Mimi nilikuwa uani nachagua mchele, na sikusogea, maana ningesogea ningesalimiwa. Hakutaka chai. Alisema, "Weris, siku ile mimi nilikula kama ngamia aliyefika kisimani, na wewe hukula. Nilikuwa nautazama mkono wako. Niambie una nini, nijue kabla sijamleta mtoto wangu." Hooyo alipandisha dera, akamwonyesha makovu, kisha akachukua kidole cha Saynab na kukiweka juu ya kile kijimlango. Saynab akabonyeza. Akabonyeza tena. Akauliza kama kinauma. Hooyo akamwambia yote, hata habari za nyuma ya tangi. Saynab akaketi, akanyoosha miguu yake iliyovimba, na akaikanda mpaka mimi nikaanza kuchagua mchele uliokwisha kuchaguliwa. Halafu akauliza kama anayekwenda huko ni lazima ajue Kiingereza.

Basi yote niliyoyaandika huko juu yaache, kuanzia namba moja. Daktari asipunguze hata tone, na asilete pete kwa mtu yeyote hapa asiyeomba. Mwulize tu kama anapokea mtu wa Ijara. Mwambie ana sukari, magoti yanamsumbua, hapendi kuharakishwa, na hawezi kusafiri kabla ya Ijumaa ya tarehe sita mwezi ujao, kwa sababu siku hiyo anamwozesha mwanawe kwetu.