Spika Ndani ya Mtungi

Suna, Migori
Jumatatu, 3 Julai 1967

Shajara yangu mpendwa, pokea salamu zangu za heshima, na uniwie radhi kwa kukuacha bila neno tangu masika. Nilishikwa na mafua, kisha nikashikwa na aibu. Nyakundi, mwenye duka jirani, amenunua redio kubwa ya betri. Nyasuguta, mjane mwenye sauti nzuri kuliko wote katika kwaya yetu, sasa anakunywa chai kwake! Zamani alikuja kwangu kila Jumapili kusikiliza santuri za nyimbo za dini. Nami nilikusudia kumposa mwezi huu huu.

Leo Nyakundi kanisimamisha sokoni: “Omogaka, mzee wangu, gramafoni yako inaimba kama mbu ndani ya chupa.” Nilimshukuru kwa maoni yake. Mshenzi! (Nisamehewe.)

Jumatano, 5 Julai

Homa Bay. Fundi Fanuel ana spika pana kama ungo, iliyotolewa katika gari la sinema lililokufa. Kazi yake ni sauti nzito tu. Niiongeze kwenye gramafoni yangu, nisiiongeze? Nyumba yangu ni ya vyumba viwili, na mimi ni mzee wa kanisa. Fanuel akaiwasha. Besi ikanipanda kutoka nyayoni hadi kwenye meno niliyobakiza. Nimeongeza! Nimemwachia baiskeli yangu kuwa malipo. Kanishauri niifunge kwenye mdomo wa mtungi mkubwa, maana spika isiyo na tumbo, asema, ni mhubiri mwenye njaa.

Nimerudi kwa basi, spika mapajani kama mjukuu.

Ijumaa, 7 Julai

Mtungi umepatikana: ule wangu wa maji. Nitakunywa kutoka kwenye sufuria. Nimemwalika Nyasuguta Jumapili alasiri. Kauliza kama kutakuwa na maandazi. Dalili njema!

Jumapili, 9 Julai

Ajabu kuu! Saa saba nilifungulia kwaya kwa majaribio. Vikombe vikacheza kabatini. Kuku wakahama. Nikapiga santuri baada ya santuri mpaka betri ya gramafoni ikachoka, kisha nikajilaza kidogo, niwe mchangamfu mbele ya mgeni.

Niliamshwa na vilio. Ua umejaa watu! Mzee Javan, wa ng’ambo ya mto, alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba kule kwao wimbo haukufika hata kidogo. Ilifika ngoma tu, ndu, ndu, ndu, ngoma ya msiba wa mzee, kutoka kwa Mwalimu Onsongo, yaani mimi! Kaleta na fahali wa matanga.

Kisha sauti moja ikapanda juu ya zote. Nyasuguta! “Umeniachia nani, Mwalimu? Mbona hukusema? Ningekubali!”

Ningekubali! Muungwana angetoka papo hapo. Mimi niliomba radhi kimoyomoyo, nikabaki kitandani nisikie zaidi. Akasifu adabu yangu. Akasifu koti langu jeusi. Alipofikia mwandiko wangu sikuweza kuvumilia, nikatoka kumshukuru.

Wanawake wawili walizimia. Mzee Javan aliruka ua, na umri wake ule! Nyasuguta alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akauliza nimekuwa macho tangu lini. Mimi sisemi uongo. Nikamjibu: tangu “Umeniachia nani.”

Kaondoka na Nyakundi, aliyembebea mwavuli. Langoni Nyakundi aligeuka: “Omogaka, leo nakiri. Inasikika!”

Jumatatu, 10 Julai

Nyasuguta hapokei salamu zangu. Katuma neno kwamba atanililia tena siku atakayonishika mwenyewe na kuona nimepoa.

Nimetafakari, nimeomba, na kosa limefunuliwa. Sauti nzito ilivuka mto peke yake. Maneno yalibaki uani kwangu. Maneno yangesikika, nani angedhani ni msiba? Dawa ni spika ya pili! Kubwa zaidi, juu ya paa, imeelekezwa mlangoni kwa Nyasuguta. Moyo wangu unaruka kama wa kijana.

Nimemwandikia Fanuel kwa unyenyekevu, nikimtolea meza yangu ya kulia. Maroa, dereva wa lori la samaki, ndiye atakayeichukua barua pamoja na meza. Uniwie radhi kwa mwandiko huu, shajara yangu: nakuandikia magotini, meza imekwisha kupakiwa.