Bustani Mara Mbili

Alhamisi, 26 Juni
Wewe uliyefungua daftari hili, nakusihi, usimwambie mtu hata neno moja. Hasa Régis wa meza ya pili. Mkataba wangu wa majaribio katika ofisi hii ya mtaa unakwisha Jumatatu.

Mkuu wetu, Mama Mukagasana, aliniita. Nikadhani nafukuzwa. La! Anataka bustani ya mboga iliyo kando ya lango iwe kubwa mara mbili. Wakazi wataichimba Jumamosi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Ikipendeza, nasainiwa mkataba wa kudumu. Régis aliomba kunisaidia kupima. Nimekataa. Anatafuta sifa.

Ijumaa, 27 Juni
Nimepima peke yangu. Bustani ya zamani: mita tatu kwa nne. Nikapigilia kigingi kwenye kona moja, nikavuta kamba hadi kila pembe iliyobaki, kisha nikaendelea mbele kwa urefu uleule. Sita kwa nane! Umbo lilelile, pembe zilezile. Jiometri safi. Nimefunika vigingi kwa majani, Régis asivione.

Jumamosi, 28 Juni
Watu mia wenye majembe hawaulizi. Kufikia saa tatu asubuhi walikuwa wamechimba hadi njia ya lango. Pikipiki ya mkuu imefungiwa ndani. Mbolea iliishia katikati. Mama Kamikazi, anayeuza nyanya Goma, akaegemea jembe lake.

"We Vénuste, hii ni bustani ao ni uwanja wa mupira?"

Walicheka mpaka ng'ambo ya barabara. Régis akapima kwa hatua, polepole, kila mtu aone. Akasema ya zamani ilikuwa mita za mraba kumi na mbili, iliyotakiwa ni ishirini na nne, yangu ni arobaini na nane, kwa sababu nimerefusha urefu na upana pia. Nikamjibu kwamba niliambiwa mara mbili, nikafanya mara mbili, na kamba ni shahidi. Macho sikushusha.

Mkuu hakucheka.

"Bon. Uipunguze nusu mbele ya Jumatatu saa sita. Ukishindwa, hii kazi nitamupa Régis."

Jumapili, 29 Juni
Régis alinisubiri nje ya kanisa na karatasi ya hesabu. Alisema ni kwa faida yangu. Nimeichana bila kuisoma. Tangu lini mshindani akakupa faida?

Jumatatu, 30 Juni
Saa tano na nusu. Nimemaliza! Kigingi kilekile, kamba ileile, kila upande nimeukata nusu kamili. Mita tatu kwa nne. Tarakimu hizi nazifahamu vizuri mno. Dalili kwamba nimeiva kazini. Mkuu yuko njiani na mkataba. Régis amepita, ametazama vigingi, ametabasamu. Wivu.

Mwenye kiwanja cha kupanua au kupunguza asihangaike. Apite nyuma ya ofisi, agonge dirisha la meza ya tatu, aulize Vénuste, tena kwa sauti ya chini. Langoni asipite. Udongo bado laini.