Rafiki Aliyepita Bila Kupingwa

Jumamosi, 14 Juni. Asubuhi mawingu mazito, manyunyu kidogo, hakuna upepo.

Gari la matangazo lilipita jana likisema kila mtu mzima atakayefika ukumbini atatoka na rafiki. Nimekwenda. Jumatano napasuliwa jicho, na muuguzi amesema bila mtu wa kunirudisha nyumbani hawanigusi. Mji huu nilihamia Januari. Wa kumwomba sina. Hotuba ya Mratibu wa shughuli hiyo naiandika kama alivyoisoma.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kuniomba nimwakilishe, na ambaye kwa hiyo ni mimi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kikao, nafasi ninayoikaimu, waheshimiwa mliokaa mbele, waheshimiwa mliotaka kukaa mbele, mabibi na mabwana, na ninyi mliobaki: (makofi ya safu ya mbele) ninayo furaha isiyo na kifani kuzindua Mradi Jumuishi wa Upatikanaji wa Marafiki kwa Watu Wazima, ambao, kufuatia upembuzi yakinifu na semina elekezi saba, umebaini kwamba asilimia mia moja na nne ya upweke husababishwa na kukosa marafiki. (Mzee mmoja nyuma: 'Kumbe.')

Zamani mlikuwa mnapata marafiki kiholela: mtu anaazima chumvi, kesho yake wanacheka pamoja, bila tume, bila waangalizi. Ofisi yangu imekomesha hayo. Sasa rafiki atapatikana kama anavyopatikana rais: atachukua fomu, atatafuta wadhamini, atafanya kampeni, atanyamaza siku moja kabla, kisha mtapiga kura, na asipofikisha nusu ya kura zote na moja zaidi, wawili wa juu wataingia duru ya pili. (Minong'ono.) Na kwa kuwa kura ni siri, ni marufuku kumwambia rafiki yako kwamba ni rafiki yako. (Jirani yangu wa benchi, mama mpishi wa hoteli: 'Basi mimi ninao wengi.' Vicheko.)

Naona mkono. (Wangu. Nikasema: 'Mheshimiwa, mimi nahitaji mmoja tu, wa Jumatano. Napasuliwa jicho.') Swali zuri sana, dada yangu, na ndiyo maana sitalijibu kwa haraka. Katika demokrasia huchagui wa Jumatano, unachagua wa miaka mitano. Akikukera Alhamisi, utamvumilia hadi uchaguzi ujao. Akifariki, tutaitisha uchaguzi mdogo. (Mama mpishi: 'Baba, mwenzio ana jicho. Jibu jicho.') Kuhusu jicho, utaratibu uko wazi: mpiga kura asiyeona anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemwamini. Kwa hiyo aje na rafiki yake, ndipo achague rafiki.

Sasa nitangaze matokeo. Fomu iliyochapishwa ni moja na iliyorudishwa ni moja, yaani asilimia mia, na kwa bahati ilikuwa yangu. Nimepita bila kupingwa. Kuanzia dakika hii mimi ni rafiki wa watu wazima wote wa eneo hili, walio hai na waliomo bado kwenye daftari la wapiga kura. (Makofi ya safu ya mbele. Fundi baiskeli: 'Basi Jumatano umsindikize.') Jumatano nina kikao. Halafu rafiki wa wote hapaswi kuonyesha upendeleo.

Urafiki juu! (Sauti moja, ya dereva wake: 'Juu!') Upweke chini! (Dereva alikuwa anakohoa.) Nihitimishe kwa kuwashukuru wafadhili ambao hatukuwapata, tume ambayo haikuundwa, na ninyi mliofika kwa wingi kushuhudia uzinduzi wa mradi ambao, kama ungekuwepo, leo ungekuwa unatimiza mwaka wa tatu wa mafanikio. Asanteni."

Tukatoka. Mvua ilikuwa imekaza, mimi na mama mpishi tukabanana kwenye ngazi chini ya kanga yake.

"Jumatano saa ngapi?" akauliza.

"Saa mbili asubuhi. Lakini mama, si una kazi?"

"Jumatano naingia jioni. Kura yangu sikwambii, ni siri. Ila nitakuwa mlangoni." Akafikiri kidogo. "Na wakikufungua hilo jicho, usianze kuniangalia sana. Sijasuka."

Sasa ni saa nne na nusu usiku, nalala.