Ukuta Wangu Uliogoma

Jumatatu, 3 Machi

Leo darasa letu la uashi tumeanza kuta za mwisho wa muhula. Kila mtu na ukuta wake! Nilishika mwiko kwa madaha mpaka Pimamaji akageuka kunitazama. Huyu ni muuguzi mstaafu, jirani yangu hapa uwanjani. Tulimpa jina hilo kwa sababu kipimo hicho cha unyoofu hakimtoki mkononi. Hata benchi la kantini hulipima kabla ya kulikalia. Mimi wananiita Meneja kwa kuwa siku ya kwanza nilikuja chuoni na tai. Tangu nipunguzwe kazini sina pengine pa kuivalia.

Habari kubwa: Jumamosi chuo kinawafungulia milango watu wote wa eneo hili waje kuona kazi zetu. Mama Mkwe anakuja! Hajawahi kuona kitu nilichotengeneza kikasimama. Rafu niliyompigilia jikoni ilianguka na sahani zake zote. Tangu siku hiyo nikishika nyundo, yeye huhamisha vyombo. Jumamosi atanitambua.

Jumanne, 4 Machi

Balaa! Mwalimu wetu wa uashi ametangaza kuwa kuta zote zinabomolewa Ijumaa. Amesema hivyo huku akimenya chungwa, kama vile si kitu. Kumbe chuo kina rundo moja tu la matofali. Kila darasa hujenga, hubomoa, husafisha, kisha huliachia darasa linalofuata. Ndiyo maana tunajengea mchanga na chokaa bila saruji, mchanganyiko tunaouita uji. Nami miezi yote hii nilidhani ni ubahili.

Kwa hiyo Jumamosi washonaji watatundika magauni, maseremala watapanga vitanda, na sisi waashi tutaonyesha picha. Picha! Mama Mkwe haamini picha. Anasema kwenye picha za harusi nimetokea mrefu.

Nikamwomba Mwalimu auache ukuta wangu, huo mmoja tu. Akanijibu kwa upole kwamba hajawahi kuacha hata mmoja, na kwamba nyumba za mji huu zimejengwa na watu waliobomoa kuta zao hapa. Maneno mazuri. Hayanisaidii.

Jumatano, 5 Machi

Nimevaa tai nikaenda kwa Mkuu wa Chuo. Nikapendekeza ukuta wangu ubaki kama kumbukumbu na uandikwe jina lake. Alipenda! Akakaa wima kitini, akauliza herufi zitakuwa kubwa kiasi gani. Kisha akauliza ukuta wenyewe uko wapi. Uko katikati ya uwanja, mahali patakapofungwa turubai la wageni. Akasema jina linaweza kusubiri.

Basi. Nyumbani kulikuwa na saruji iliyobaki tulipotengeneza ngazi ya mlangoni. Nimeileta ndani ya mkoba wangu wa ofisini. Wenzangu walipokwenda kula nikaubomoa mwanzo wangu wote, nikakoroga upya na kuanza chini kabisa. Pimamaji alirudi mapema, akauliza nafanya nini. Nikamwambia narekebisha makosa yangu. Akanisifu kwa unyenyekevu, akasema wanaume wa aina yangu ni wachache. Moyo ulinisuta, lakini mikono iliendelea.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemaliza! Pimamaji aliuliza mbona uji wangu ni mweusi kuliko wake. Nikamwambia ni kivuli. Hakukuwa na kivuli. Hata hivyo akaweka kipimo chake juu ya ukuta wangu, akainama, akafumba jicho moja. Kipovu kikatulia katikati. Alinipa mkono. Nilifurahi sana, niseme ukweli, kuliko siku niliyopandishwa cheo.

Mke wangu ananichosha kwa maswali. Eti mwiko unashikwaje, eti tofali hulowanishwa kwanza au la. Nahisi ananikejeli.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya kubomoa. Utaratibu ni kwamba darasa zima linaweka viganja ukutani, Mwalimu anahesabu, tunasukuma, ukuta unalala, vifijo. Wa Pimamaji ulilala bila ubishi. Kuta zote zililala. Wangu ukagoma.

Tukasukuma tena. Wakaitwa maseremala. Wakaja wanafunzi wa ususi, mmoja ameandamana na mteja aliyesukwa nusu kichwa, naye akasukuma. Wapi! Nami nilisukuma kwa miguno mikubwa huku moyoni nikicheza ngoma.

Mwalimu akakwaruza kiungo cha matofali kwa ukucha. Akautazama mkoba wangu, ambao ulikuwa na mdomo wa kijivu kwa vumbi la saruji. Hakufoka, na afadhali angefoka. Aliniita pembeni, akasema darasa jipya linaanza Jumatatu, na matofali niliyoyafungia humo yakikosekana itabidi baadhi ya wanafunzi warudishwe nyumbani. Wa kurudishwa ni waliochelewa kujiandikisha. Mmoja wao ni mke wangu.

Mke wangu! Alimwomba Mwalimu asinidokeze, alitaka nishtukie tu yuko darasani. Alimwambia kwamba tangu niache ofisi, siku ninazorudi na mchanga nyweleni ndizo siku pekee ninazoimba bafuni, naye akataka kujua huko chuoni kuna nini. Nikakaa chini palepale. Mwalimu akanipa nyundo na patasi.

Jumamosi, 8 Machi

Wageni kila kona, magauni yanapepea, vitanda vinang'aa, na katikati ya yote mimi nagonga. Turubai wamelifunga likaupita ukuta wangu kwa juu, kwa hiyo nimebomoa kivulini, hadharani, katikati ya hotuba ya Mkuu.

Mama Mkwe alifika amevaa nguo zake za sherehe. Akamuuliza binti yake kama ukuta ndio huo. Akaambiwa ndio. Akasema kwa sauti kwamba anashukuru, hatimaye huyu bwana amepata kazi inayomfaa. Turubai zima lilicheka, na Pimamaji alicheka mpaka akaketi bila kupima.

Kisha Mama Mkwe akauliza ni nani basi aliyeujenga ukuta mbishi namna hii. Mke wangu akasema ni huyohuyo. Mama Mkwe akausogelea. Akausukuma kwa kiganja. Akausukuma kwa bega. Akauzunguka. Halafu akajifunga khanga kiunoni, akageuza ndoo, akaketi, akaanza kukwangua matofali niliyoyang'oa. Aliniambia nisipige kwa hasira, akaniita mwanangu. Miaka yote hii nimekuwa huyu bwana! Niliwaambia watu ni vumbi limeniingia machoni. Halikuwa vumbi, nililia.

Baadaye Pimamaji akaja na nyundo yake, na darasa zima nyuma yake. Tulimaliza jua likielekea kuzama.

Jumatatu, 10 Machi

Matofali mengi yamepona. Darasa jipya litajenga kuta fupi kidogo, lakini hakuna aliyerudishwa. Hukumu yangu: kwa unyoofu wa ukuta nimefaulu, kwa mengine yote narudia muhula. Nimewekwa benchi moja na mke wangu. Amevaa buti zangu za zamani na mstari wake wa kwanza umenyooka kuliko wangu. Nilimwangalia akilamba midomo huku akipanga tofali, nikaona hakuna adhabu hapa hata kidogo.

Mama Mkwe ametuma salamu. Atakuja mwisho wa muhula aone kuta zetu, ukuta wa mwanawe na wa mkwewe, zikiwa wima. Nazo, bila shaka, zitabomolewa siku moja kabla!

Nimeapa mbele ya Mwalimu na mbele ya mke wangu kwamba sitagusa saruji tena chuoni hapa. Nimeapa kwa dhati, na kiapo nitakitimiza. Nikitoka chuoni nilipita duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji amenihakikishia kuwa gundi ya vigae si saruji. Nimechukua ndoo mbili: moja yangu, moja ya mke wangu.